Filamu ya Infirmière Aliyekufa

Kilibula, Uvira

Mutoto wangu Thaddée,

Nakusalimia mbele ya yote. Uko muzima? Unakula, ao unakunywa tu chai kama baba yako wakati nilikuwa mbali? Siye huku tuko. Goti langu linalia, lakini linatembea. Kwa sababu simu haishike huko machimboni, minye nasema na Aline wa jirani anaandika. Nimemukataza kupamba maneno yangu.

Huku hakuna tena mazungumuzo ingine, ni filamu tu ya televizio kwa Marie-Jeanne. Iko hospitali moja ambamo infirmière, muuguzi aliyekufa zamani, anazunguka kati ya vitanda akiita wagonjwa kwa majina. Mwenye kuitika, asubuhi kitanda chake kiko kitupu. Avenue yote, mutaa muzima, inajaa mule, kila muntu na mawazo yake. Marie-Jeanne anasema ni shetani, lakini hajazima televizio hata siku moja. Muzee Sylvestre anasema huyo mufu ndiye mufanyakazi pekee anayefika kazini kwa wakati, apewe mushahara. Minye nilisema mufu anayebadilishia wagonjwa shuka siwezi kumuchukia, kuna wazima wasiofanya hivyo.

Tulicheka sana. Kumbe muke wako Capitoline, na tumbo lake lile, hakuwa anacheka.

Unajua vile tuliwalea: ukiitwa gizani, usiitike mara ya kwanza, hujui nani anakuita. Filamu ikakuja kukalia juu ya desturi ile. Uchungu ulipomushika, nikamupeleka maternité, hospitali ya kuzalia. Benchi ilijaa wanawake wa matumbo, na infirmière wa koti jeupe alisimama mulangoni akiita majina. Anaita, kimya. Anaita mwingine, kimya. Kila mumoja anaangalia miguu yake. Maskini alizani amekosea mulango. Wote walikuwa watazamaji wa filamu.

Akaita Capitoline. Muke wako akanishika kitenge, akaninong'oneza kwamba haitike, afazali azalie pale pale kwenye benchi. Na damu ilikuwa imeanza kutoka. Nikasimama na meno yangu machache, nikajibu kwa sauti ya sokoni kwamba Capitoline ni minye, na kama kuna mufu anataka kunibeba, aje na wenzake, niko muzito. Benchi yote ikacheka. Infirmière naye akacheka, na Capitoline akaona pengo mudomoni mwake na jasho kwapani. Mufu hatoke jasho. Akasimama mwenyewe. Wenzake nyuma wakaanza kuitika kama kwaya.

Sasa sikia yenye sijakuambia. Muganga wa hospitali alisema mutoto amelala vibaya, lazima kupasua. Weye ulikuwa umetuma neno mbele ya uchungu kwamba kisu kisimuguse muke wako mupaka ufike. Nilikumbuka vizuri. Walipouliza mume anasema nini, nikajibu kwamba mume iko mbali, na minye ndiye nilimuzaa. Nikatia kidole changu kwa wino, nikakipiga kwenye karatasi yao. Sikungoja ruhusa yako, na musamaha siombe.

Uko baba wa binti. Analia mupaka wanamusikia kwa Marie-Jeanne. Mama yake anakula bugali kama mulimaji. Jina nimekuachia weye, usiseme nimekunyanganya kila kitu.

Capitoline anakusalimia, Aline pia, na avenue yote. Kama una hasira, itembeze njiani, ufike imekwisha.

Minye mama yako,
Kankindi