Maini Yangu Baada ya Kisu

Yaya Feza,

Pokea heshima yangu, dada mukubwa uliyenilea. Magoti yako imetulia na hii mvua, ao bado inauma ukishuka mpaka soko la Kasuku? Sisi huku Ubelgiji tunaamka wazima, Mungu ashukuriwe, na bibi yangu wa ndoa, Mariamu, anakuamkia.

Yaya, keti kwanza. Kuna jambo nilikuficha. Nilipasuliwa tumbo, mwaka sasa unapita.

Nilipokuambia kwa simu kama maini yangu iko na mafuta, ulicheka, ukasema mafuta ni baraka. Mimi pia nilicheka. Sinywi pombe, ningeogopa nini? Lakini munganga wangu, mama mumoja wa sauti ya polepole, alinieleza kama mafuta yale yameanza kuacha makovu, na maini ya makovu inakuwa ngumu, siku moja inakataa kazi. Lazima uzito ushuke. Akaniwekea njia mbili. Shindano ya dawa ya kujichoma kila juma, inayotuliza njaa: haikati muntu, lakini inaenda polepole, na ukiiacha uzito unaweza kurudi. Ao operesheni ya kupunguza kifuko cha chakula tumboni: mara nyingi inashusha uzito zaidi, na maini inapata nafuu kubwa, lakini kisu njo kisu. Damu inaweza kutoka, kilichokatwa hakirudi, na vitamini utameza mpaka kufa.

Nilichagua shindano kwa sababu yako. Nilijua ukisikia kisu hutalala. Nilitapika miezi mingi, uzito ukapungua kidogo, ukasimama. Wako wanaopona nayo, mimi haikunitosha. Munganga alipopima tena, makovu yalikuwa yameongezeka.

"Leo bado tunaweza kukupasua," akasema. "Tukingoja sana, kupasua kwenyewe kutakuwa hatari."

Basi nikakubali. Nikamukataza Mariamu asikuambie. Unisamehe.

Mbele ya operesheni munganga aliniuliza kama niliwahi kulala njaa utotoni. Nikamuhadithia miaka ya vita, mji wetu wa Kindu ulipofungwa, mashamba hayafikiki, tunakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na wewe unanisukumia sahani yako ukisema umeshiba. Aliweka kalamu chini. Nikamuuliza kama njaa ile njo imenigeuza hivi. Akasema hawezi kujua. Ila mwili uliopita pale na bado unapigana, yeye anauheshimu.

Juma lililopita aliniwekea tena mashine inayogonga ubavuni, taratibu kama kidole mlangoni, kusikiliza kama maini ni ngumu ao laini. Akapima, akapima tena. Nikaogopa. Kisha akanigeuzia kioo cha mashine nione.

"Imelainika," akasema. "Makovu yanapungua."

Sikujua kama kitu ndani ya muntu kinaweza kuharibika vile, kisha kikaanza kujijenga chenyewe, gizani, bila kutuomba ruhusa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, mukono juu ya ubavu, kama muntu aliyebeba yai.

Munisalimie shemeji, bwana yako. Na mama mukwe wangu kule Kibombo. Binti yako anayesomea uuguzi umuambie aandike maulizo yake yote. Nikifika kiangazi nitamuonyesha kovu, naye atanifundisha ninachokosea.

Ukimaliza kukasirika, nipigie simu. Hata ukinigombeza, nitasikiliza mpaka mwisho.

Ni mimi mudogo wako, muzima,
Salumu