Ahadi ya Kombaini

Shamba la Ngano, Hanang
17 Juni 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mnaendelea vizuri huko Tumati, na kwamba kifua cha mama kimetulia katika baridi hii. Mimi mwilini sijambo.

Uliniuliza habari za vijana wa Balangdalalu ninaowafundisha sayansi kila Jumamosi hapa shambani. Mwanzoni walikuja kwa hamu, wengi wao wamemaliza darasa la saba na hawana pa kwenda. Mimi nikawa nawaandikia ubaoni aina za udongo, wao wanasinzia. Baada ya muda karibu wote walitoweka. Kisha wakarudi kwa wingi hadi wengine wakakaa madirishani, na meneja wa shamba akanisifu mbele ya wafanyakazi.

Mwezi uliopita Mzee Gidabuday, baba wa mmoja wa vijana hao, alikuja kumshukuru meneja. Alisema amemzuia mwanawe Gidahosh asihame na ng'ombe pamoja na kaka zake, kwa kuwa shamba litamwajiri kuendesha kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano. Meneja alishangaa, akasema hana habari ya ajira hiyo. Wote wawili wakanigeukia.

Baba, naona aibu kuandika. Ni mimi niliyewaambia vijana hivyo. Sikusikia kwa mtu. Nilitunga mwenyewe, ili warudi. Mzee hakunikemea. Aliniuliza tu kama nina mtoto. Nilipojibu sina, alisema, "Basi," akachukua fimbo yake akaondoka. Afadhali angenichapa nayo.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia vijana ukweli. Walitoka. Alibaki binti mmoja, Scolastica, akaomba kuiona ngano aliyoiotesha darasani kwenye gunia lililoloweshwa, maana alitaka kujua kwa nini mbegu za katikati zimeoza na za pembeni zimechipua.

Juzi nilimkuta nyuma ya stoo na Gidahosh, wamelitandika gunia jipya, wanabishana juu ya kiasi cha maji. Gidahosh akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, tunajaribu tena. Ila usituahidi kitu."

Nikachukua ndoo, nikaenda kuwachotea maji.

Kesho nitakwenda nyumbani kwa Mzee Gidabuday kuomba msamaha. Nawe, baba, nakuomba usinisifu tena pale parokiani.

Msalimie mama, na mdogo wangu Basili mwambie asome.

Binti yako,
Konsolata