Hapa, Siyo Pale

Bi Mwanaidi wangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza barua bila shikamoo utanigeuzia mgongo hukohuko uliko.

Habari za Chanika kwanza. Lile shamba la mihogo nyuma ya kibanda chetu cha kushonea limekwisha, pamesimama ghorofa, na mwenyewe anajiita mtu wa mjini! Ungecheka wewe. Wateja wa Kariakoo walikuwaga wakikuuliza unaishije huko mwisho wa dunia, nawe unawatandikia khanga mezani: "Hapa katikati ni mji, huku pembeni ni pindo. Mji bila pindo unachanika, ndo maana sie tunaitwa Chanika." Halafu unacheka mwenyewe kabla yao.

Hilo somo mie nililipata kwa aibu. Wiki yangu ya kwanza kwako, mtoto wa Singida niliyezoea vitenge, niliona ile mistari ya pembeni nikadhani ni ya kiwandani, ya kukatwa. Nikalikata pindo la doti ya mteja pande zote nne, nikabaki nimeshika mji mtupu, nimejaa furaha. Jamani! Ulicheka mpaka ukavua miwani. Kisha ukaninyang'anya mkasi, na kwa miaka sita kukata ukakata wewe, mie nikapinda tu.

Ulipougua ukaniambia, "Nimefika pindoni, Neema. Mji nimeshautembea wote." Nilikukasirikia sana siku ile. Nisamehe, nilikuwa naogopa.

Sasa nikupe ya harusi. Ile doti uliyomwekea mjukuu wako Rehema tuliikuta kabatini haijakatwa. Wifi yako, Bi Saida, akataka ipelekwe kwa fundi wa mjini, akasema mbele za watu kwamba huyu wa bara ataondoka na pindo. Mwanao akakataa katakata: mama alisema Neema. Ikaletwa kibandani. Siku tatu nimeizunguka kama mtu aliyeona nyoka, na harusi Jumamosi. Nikiiharibu, hakuna nyingine uliyoigusa wewe.

Alhamisi nikaikunjua. Pale khanga mbili zilipoungana nikaona chaki yako ya bluu. Mstari wa kukatia, na juu yake herufi nne ndogo, mbili upande huu, mbili upande ule: HAPA.

Kumbe ulijua! Ulijua hutakuwepo, na ulijua mkono utakaoshika mkasi ni wangu. Hukuwaandikia mafundi wa mjini, maana wao hawahitaji kuelekezwa. Nililia kwa sauti mpaka fundi viatu wa jirani akaja mbio, akidhani nimejichoma sindano. Nikacheka na makamasi yangu. Nikakata. Mkasi wako bado una makali, umekwenda wenyewe.

Rehema alijifunga moja, akajitanda nyingine, akapendeza huyo! Bi Saida alilishika pindo, akaligeuza, akatafuta kosa weee, akakosa. Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kibandani, doti mbili kwapani. Sikumkumbusha maneno yake. Haya, nilimkumbusha kidogo.

Kitu kimoja sikumwambia yeyote. Nilipopinda sikuipangusa chaki. HA niliikunjia ndani ya pindo la khanga moja, PA ndani ya pindo la ile nyingine. Rehema akizifua itatoka, najua. Lakini siku ya harusi ulicheza ngoma yote ukiwa kiunoni na mabegani kwa mjukuu wako, na hakuna aliyejua isipokuwa mie.

Nakumisi, Bi Mwanaidi. Mezani nakuachia nafasi yako bado.

Nakuahidi: mkasi huu hautapata kutu. Na mwanafunzi wangu akija kukata pindo la watu, nitacheka kwanza mpaka nivue miwani, ndipo nimnyang'anye. Siku ya kumrudishia, nitamwandikia kwa chaki.

Pumzika, bibi yangu. Ile marahaba yangu nitaidai tukionana.

Wako wa pindoni,
Neema