Benchi Ulilomtengenezea Don Porfirio

Mwaka umezunguka, Mama yetu Apolonia, tangu alasiri ile ulipojinyoosha kitandani upumzike kidogo, ukiwa bado umevaa aproni yenye unga wa muhogo, na usiamke tena.

Hapa Potrero Yvate wengi wanakukumbuka kwa chipa zako, vile vimkate vya muhogo na jibini. Tanuri lako la udongo lilipowashwa Jumamosi, watu waliacha njia yao ili wapite mlangoni petu, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Hata yule karani wa manispaa aliyetumwa kukuonya kuhusu moshi aliondoka na chipa mbili za moto, na onyo lenyewe akalisahau mezani.

Ulikuwa ukibishana na redio. Mtangazaji akisema kutanyesha, unamjibu, “Umetoka nje ukatazama, au unasoma tu?” Ulitupenda kwa maneno makali na sahani iliyojaa. Hatukuwahi kukusikia ukisema umechoka.

Lakini tukikaa pamoja, habari inayotuchekesha kuliko zote ni ile ya benchi. Leo tunaisimulia, ili na wasiokujua wakujue.

Don Porfirio, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na viti viwili vya ngozi. Kila jua lilipopoa aliviweka nje, yeye na mkewe Eduviges wakakaa, wakapokezana pembe ya tereré, ile chai baridi ya majani, na kuwasalimu wapita njia. Eduviges alipofariki, mzee aliingiza viti vyote viwili ndani na kufunga madirisha. Basi hakutoka tena. Zunilda, binti yako, alimpelekea chakula ulichopika, na sahani ilirudi vilevile ilivyokwenda. Wanawe wakapiga simu kutoka Buenos Aires: Pasaka watakuja, watauza nyumba, watamchukua baba yao. Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Mtaa mzima ukaanza kupita mlangoni pake kwa kunyata, na jina la Eduviges likawa halitajwi, kana kwamba kulitaja ni tusi.

“Atakwisha yule,” ulimwambia mkweo Derlis mezani. “Anakwisha kama sabuni.”

“Nimnunulie kiti kipya cha plastiki?” Derlis akauliza. “Labda atatoka.”

“Kiti kina mwenyewe, Derlis. Kikiwa kitupu kinauliza mwenyewe yuko wapi. Benchi halina mwenyewe. Anayefika anakaa.”

Kesho yake ukaanza kung'oa mbao za zizi la zamani la ng'ombe nyuma ya nyumba. Zunilda alitoka mbio, kwa kuwa alikuwepo siku daktari alipokueleza kwamba moyo wako ni mgonjwa.

“Mama, si umekatazwa kunyanyua vizito?”

“Sinyanyui. Nakokota.”

Zunilda hakujua acheke au alie. Usiku na mchana aliuogopa moyo wako, na wewe mwenyewe ulikuwa na uhakika nao kuliko madaktari wote. Mwishowe alishika ncha ya pili ya ubao, mkakokota pamoja.

Derlis, ambaye siku zote yuko chini ya gari la mtu, alichomoza kichwa akaona misumari na nyundo yako. “Hiyo ni mbao ngumu ya lapacho, Mama. Misumari inaiogopa.” Na kweli, msumari wa kwanza ulijikunja kama mnyoo, wa pili vilevile. Ulikwenda kwenye sanduku lake la vifaa, ukachukua keekee bila kuomba, ukaanza kutoboa matundu ya bolti, kidevu chako kikiwa kimelalia mpini ili kuukandamiza. Derlis alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye bampa. Kisha akaja kukushikia mbao.

Msumeno wako ulikwenda ulikotaka wenyewe. Ubao wa kukalia ulitoka mzuri, ukaupiga msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwaruzwa. Ila mguu mmoja ulizidi wenzake, benchi likawa linacheza. Derlis akataka kuupunguza.

“Acha,” ulisema. “Benchi la nje hili. Ya nini kukata mbao wakati udongo unachimbika?”

Ulilipaka oili chafu ya gari ili mchwa wasilisogelee. Kisha mkalipakia kwenye mkokoteni, mkavuka barabara, mkaliweka ukutani kwa Don Porfirio, chini ya dirisha lake, na wewe ukapiga magoti kuchimba. Dirisha likafunguka upana wa kidole.

“Unachimba nini hapo, Apolonia?”

“Shimo la mguu.”

“Mguu wa nani?”

“Wa benchi lako.”

“Sikuomba benchi.”

“Ungeomba lingekuwa agizo. Hii ni zawadi.”

“Nina viti.”

“Najua unavyo,” ulimjibu polepole. Dirisha likafungwa.

Zunilda alidhani mambo yameishia hapo. Aliona haya kwa ajili yako, akakusihi mlirudishe. Wewe ulichukua chupa ya maji ya barafu na pembe yako ya tereré, ukaenda kukaa kwenye benchi la watu, ukiwa umeligeuzia mgongo dirisha lililofungwa. Ulifanya hivyo kila alasiri. Shoga yako Ña Obdulia wa duka la nyuzi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kukaa nawe, akiwa amevaa sketi yake nyeupe ya kanisani. Aliposimama, alikuwa amebeba ramani nzima ya oili nyuma.

“Umeniharibia sketi, Apolonia!”

“Imepata rangi. Kaa tena, upande wa pili nao upate.”

Akakaa tena, maana madhara yalikuwa yameshatokea. Na wengine wakazoea. Mlizungumza habari za mvua, harusi, nguruwe waliopotea. Dirisha halikufunguka. Pasaka ilikuwa inakaribia, na Zunilda, akirudishiwa mlangoni sahani ambayo haikuguswa, aliona mkono wa mzee umekonda mpaka saa inamteleza.

Ndipo siku moja, mbele ya watu wote, ukalitaja jina.

“Mnakumbuka Eduviges alivyokwenda kuolewa?” ulisema kwa sauti ya kufika mbali. Obdulia alikufinya paja, nawe ukausukuma mkono wake. “Kijito kimefurika, daraja limekwenda na maji. Wakampandisha juu ya maksai mweupe, na gauni lake, na viatu vyake mkononi. Maskini, alilia kwa hofu mpaka ng'ambo.”

Zunilda, aliyesimama pale na sahani yake, alitamani ardhi ifunguke.

Nyuma ya dirisha sauti ikasema, “Hakulia.”

“Alilia, Porfirio. Nilikuwepo.”

“Hakulia hata kidogo. Na maksai hakuwa mweupe.”

“Alikuwa mweupe kama maziwa.”

Tukasikia komeo. Mlango ulifunguka, na Don Porfirio akatoka, ndevu hazijanyolewa, shati limefungwa vifungo kombo, akifumba macho kwa mwanga. “Alikuwa mwekundu,” alisema, “na pembe moja imevunjika. Viatu alivishika kwa meno, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye ile pembe nzima. Na alikuwa anacheka, Apolonia. Eduviges alivuka anacheka. Aliyelia ni mimi, huku ng'ambo, nikidhani maji yatanichukulia mke.”

Ukasogea kidogo tu, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja. Akakaa. Alisimulia mpaka giza likaingia, akicheka, akijifuta macho kwa mkono wa shati, kisha akaitazama sahani mikononi mwa Zunilda na kuuliza kama ile ni nyama au anaota.

Mlipokuwa mnarudi nyumbani Zunilda alikuuliza, “Mama, kwani maksai yule ulimsahau kweli?”

“Nimsahau vipi? Alikuwa wa baba yangu. Mimi ndiye niliyemshika kamba.”

Wanawe Don Porfirio walikuja Pasaka. Walimkuta baba yao nje, amezungukwa na watu, anabishana kuhusu mpira, na ilibidi wao wachuchumae kwa kukosa nafasi. Walikaa wiki nzima wakala chipa zako. Walirudi Buenos Aires bila baba, na ufunguo wa nyumba ukabaki ulipokuwa.

Ulipotuacha, Mama, Don Porfirio na Derlis walilichimbua benchi lile wakalileta uani kwetu, ili waliokuja kukusalia wapate pa kukaa. Kumbe uliona mbali, maana walikuja watu ambao hata hatukuwajua. Sala zilipokwisha tulilirudisha ng'ambo, na bado lipo. Zunilda hupita pale kila alasiri. Zamani alikuwa anapita tu. Siku hizi anakaa, na hana haraka ya kuinuka.

Tunakushukuru kwa mikono yako isiyotulia, na kwa namna ulivyokuwa ukikataa kumwacha mtu peke yake hata alipokuomba umwache. Mungu akulaze mahali pema.

Tunaokukumbuka ni sisi wako: binti yako Zunilda, mkweo Derlis, wajukuu wako Liz Mabel na Aldo, mdogo wako Teodosia wa Villarrica, shoga yako Obdulia, ambaye sketi ile bado anaivaa nyumbani.

Don Porfirio naye ametuomba tusimsahau. Zunilda alimuuliza tumwandike kama nani, jirani au rafiki. Mzee alifikiri sana, akayakataa yote mawili.

“Andika Porfirio tu, mwanangu,” alisema. “Mama yako hatauliza ni nani.”

Na Porfirio.

Maadamu tungali tunapumua, Mama, hutasahaulika.