Baba Aliponikuta Uwanjani Nimevaa Bukta

Nyacheki, Kisii
Jumapili, 9 Juni 1974

Mshauri wetu mpendwa,

Kabla ya kushika kalamu nimeweka nadhiri kwamba nitakueleza yote, hata yanayonitia aibu, kwa kuwa nyumbani sijui nianzie kwa nani, nami nahitaji msaada wako.

Naitwa Mokeira, niko kidato cha pili. Baba yangu, Nyamongo, alikwenda Nairobi mwaka wa 1960 kutafuta kazi ya ukarani, na kampuni moja ilipoona urefu wake ikamwandika, lakini kazi yenyewe ikawa kucheza mpira wa kikapu katika timu yao, akalipwa mshahara kwa kucheza, akafika Kampala na Dar es Salaam, picha yake ikatoka gazetini akiwa hewani, mpaka mwaka wa 1968 alipoanguka vibaya akavunjika goti, kampuni ikampa mkono wa kwaheri, akarudi kulima chai, na tangu hapo hakutaja mpira tena, na ule wake wa ngozi ukabaki umetundikwa jikoni kwa nyanya Nyaboke, umenywea.

Mwezi uliopita shule yetu ilianzisha timu nami nikachaguliwa, ila nyumbani sikusema. Mwalimu Drusilla, ambaye ni mgeni huku, alisikia sokoni habari za mchezaji huyo wa zamani, akamfuata shambani kumwomba atufundishe, naye akakubali bila kujua kuwa mimi nimo.

Alhamisi ya tarehe 30 Mei baba aliingia uwanjani akichechemea, akanikuta katikati nimevaa bukta. Mshauri, sisi Wagusii tuna ensoni, yaani heshima iliyo kati ya baba na binti aliyekwisha kukua, hata mbele yake siketi nimenyoosha miguu, sasa ningesimamaje mapaja wazi? Nikakimbia nikajificha nyuma ya banda la kuni. Mwenzangu Esnah akapaza sauti akicheka, "Ee Mokeira, unamkimbia babako kwa vile anachechemea? Unauonea haya mguu wake?" Baba akasikia. Nilitaka kusema si hivyo, lakini nikabaki kimya pale nyuma.

Akamrudishia mwalimu filimbi, akasema, "Mwalimu, tafuta mtu wa miguu miwili. Huyu wa mguu mmoja anawaaibisha watoto." Akaenda zake.

Leo ni siku ya kumi, hanigombezi, ananisalimu tu kisha anatazama chini, nami siwezi kumweleza kwa sababu kumweleza ni kutaja mapaja yangu mbele yake, na hiyo ni ensoni ile ile. Juzi nilipoingia jikoni kuchukua maziwa niliona ule mpira umejazwa upepo, ingawa Jumapili iliyopita ulikuwa bado umenywea, labda watoto wa jirani waliuchezea. Tarehe 28 tunacheza na shule moja ya mjini Kisii na hata kukwepa mtu hatujui.

Je, niiache timu ili baba apate amani, au kuna njia ya kumwambia ukweli bila kumvunjia heshima? Tafadhali nijibu kwa posta inayorudi.

Mokeira Nyamongo

*

Mokeira mwanangu,

Hukukosea kukimbia, ulifanya kama ulivyolelewa. Ulikosea kunyamaza Esnah aliposema upuuzi wake, na ukazidisha kwa kunyamaza siku kumi. Fikiri kidogo. Mtu huyu aliagwa na kampuni kwa sababu ya goti, na sasa anaamini binti yake naye amemkataa kwa sababu ya goti hilo hilo. Halafu wewe unataka kuiacha timu? Ukiiacha, utakuwa umemhakikishia.

Humwambii wewe. Nyanya Nyaboke yuko hapo kwa kazi gani? Mjukuu na nyanya huambiana lolote bila haya. Ukimaliza kusoma barua hii nenda jikoni kwake umweleze yote, bukta, banda la kuni, na maneno ya Esnah, naye atamfikishia mwanawe. Atacheka kwanza. Mwache acheke.

Kisha mwone Mwalimu Drusilla, umwombe kwamba siku baba yako anapofundisha mvae sketi ndefu juu ya hizo bukta. Kudunda na kupasiana mtajifunza vilevile. Siku ya mechi ataamua mwenyewe kama atakuja au atangojea habari nyumbani, nawe usinune. Esnah aende shambani akamwombe radhi. Yeye si binti yake, hana kisingizio.

Na hao watoto wa jirani uwasahau. Mpira wa ngozi hujazwa kwa pampu na sindano yake, na huko Nyacheki sidhani kuna mtoto mwenye sindano hiyo. Miaka sita umetundikwa ukiwa umenywea, na umejazwa baada ya baba yako kuondoka uwanjani, si kabla. Anangoja kuitwa, Mokeira. Mtume nyanya leo hii.

Mama Bathsheba