Namba ya Mjomba Haikufutwa

Mama,

Nimeolewa! Nimeliandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuanza barua hii, kwa sababu bado linanifanya nicheke peke yangu kama mwehu. Nimeolewa na Janvier, yule yule wa maziwa wa Mushaki, ambaye ulisema ana macho ya mtu asiyejua kudanganya. Asubuhi anapoosha madumu yake anaimba nyimbo za kwaya, anakosea maneno, na mimi nasimama mlangoni na ufagio mkononi nikisahau kufagia. Mama, sikujua kwamba mtu anaweza kupendwa hivi kila siku, hata Jumatatu.

Lakini sikukuandikia kwa furaha tu. Nina hasira. Siwezi kumwambia Janvier tena, maana ameisikia mpaka anaweza kuisimulia yeye mwenyewe. Wewe hujaisikia, na inakuhusu. Mama, walisema nimefuta majina yako.

Siku ya kumaliza matanga waligawa vitu vyako. Vitenge kwa wamama wa kanisa, jembe kwa Papa, masufuria kwangu. Simu yako kubwa ya kugusa ilikwenda kwa Shangazi Julienne, kwa kuwa yeye ndiye dada mkubwa wa Papa na alikuwa ameitazama tangu asubuhi. Kabla ya kuitia mfukoni alichomoa kadi kwa ukucha, akaninyooshea kama mtu anayetoa mwiba.

"Karte ya mufu haiingie mu telefone yangu. Shika, hii iko yako."

Halafu akaisafisha simu yote, picha na ujumbe, ibaki kama ya dukani. Hata ile picha yetu mbele ya kanisa, ambayo ulifumba macho.

Nilifurahi kupata kadi, Mama. Niliitia katika simu yangu ndogo ya vitufe, nikafungua orodha ya majina. Nilitaka tu kuona jinsi ulivyowaandika watu. Hapakuwa na jina hata moja. Nilizima, nikawasha. Tupu. Nikadhani ni huzuni inayonipofusha, nikaiweka kadi ndani ya Biblia, sikusema kitu kwa mtu. Hapo ndipo nilipokosea, kama kulikuwa na kosa.

Kisha watu wa Janvier wakaja kuuliza siku ya kuleta ng'ombe, na Papa akasema jambo ambalo wewe ungelisema: "Ng'ombe haiwezi ingia mu lupango ya nyumba bila mujomba. Ya kwanza iko yake, na njo yeye anasema ameridhika."

Mjomba Deo! Tangu alipotoka Muheto na watoto kukimbilia upande wa Walikale, nani alikuwa na namba yake mpya isipokuwa wewe? Ulikuwa unaongea naye Jumapili baada ya misa, umeziba sikio moja kwa kiganja. Daftari lako lilibaki Muheto tulipokimbia. Papa hajawahi kuhifadhi namba ya mtu yeyote. Tulituma salamu kwa madereva wa pikipiki, tukatoa tangazo kwenye redio, wiki baada ya wiki. Kimya. Basi wote wakasema, si kuna kadi?

Nikaitoa kwenye Biblia, nikawaonyesha orodha tupu. Shangazi Julienne aliijaribu mwenyewe kwenye simu ile ile yangu. Akapiga namba yako kwa simu ya Papa, ndogo kama yangu, na ile simu yangu ndogo ikalia mbele ya watu. Akaweka mikono kiunoni.

"Munaona? Karte inaita, inaitika, iko na namba yake. Kama majina haiko, njo muntu alifuta. Na karte ilikuwa kwa nani? Anataka ile ng'ombe ya mujomba ibakie huku!"

Walinitazama mimi. Papa alitazama chini, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko maneno ya Shangazi.

Wakanipeleka kwa fundi mmoja wa Kitshanga, mwenye mwavuli na kabati ya kioo. Aliichomeka kadi kwenye kasimu kake kadogo ka kupimia, akabonyeza mara mbili, akanitazama kwa huruma ya bure. "Karte iko muzima, dada. Majina njo walifuta." Sekunde chache tu! Na ndani ya ile kabati yake kulikuwa na simu kubwa tano za kugusa zinang'aa, hakunyoosha mkono hata kwa moja. Kwa hiyo nikawa mwizi wa majina ya mama yangu, kwa ushahidi wa fundi.

Niliwaomba watu watatu wenye simu kubwa waniazime kwa dakika moja. Wote walikataa, sababu ni ile ile ya Shangazi: kadi ya mufu. Mwalimu wa kwaya aliniambia kwa sauti ya chini, "Nisamehe, dada. Kama akaniita mimi je?" Wewe, Mama, ambaye hukuwahi kumpigia mtu bila kwanza kuuliza kama amekula!

Hata Janvier. Alikuja mbio aliposikia, akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Hata kama ulifuta, nitakuoa." Mama, nilimpenda na nilitaka kumpiga kwa wakati mmoja. Hata kama! Sikuongea naye siku mbili. Siku ya tatu alileta maziwa, akasimama nje na dumu kichwani kama mwanamke, majirani wakimzomea, akasema kwa nguvu wote wasikie, "Asifiwe hakufuta! Nilikosea kusema hata kama!" Nikamfungulia. Nani asingefungua?

Ni yeye aliyenipeleka Mushaki, nimebanwa katikati ya madumu, kwa Mama Espérance anayetengeneza simu jirani na pale wanapopimia maziwa. Ni mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakuishika kadi kwanza. Aliuliza, "Mama alikuwa anatumia telefone gani? Na nyinyi muko munaangaliaka na gani?"

Mama, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeuliza swali. Miezi yote hiyo, watu wote wale, na hakuna aliyeuliza! Nilimwambia, akacheka kidogo, akaitia kadi yako kwenye simu yake ya kugusa bila hata kuipangusa. Nilimuuliza kama haogopi. "Mufu haitumiake unite," akasema, yaani wafu hawatumii salio la kupigia.

Orodha ikafunguka. Walikuwepo wote. "Asifiwe Mutoto Wangu." "Mama wa Sombe." "Padri Usiku na Mchana." "Julienne Maneno Mingi"! Nilicheka huku nalia, Janvier akadhani nimepandwa na kitu. Na mbele zaidi: "Deo Kaka Walikale."

Lakini sikutaka majina tu. Nilitaka kujua kwa nini nimeitwa mwizi. Mama Espérance alinionea huruma, akachomeka kadi kwenye kifaa kidogo cha kusomea kilichoungwa na kompyuta yake, akanieleza, na mimi nakueleza wewe kama nilivyoelewa.

Kadi moja inabeba programu zaidi ya moja, kila moja na kazi yake. Iko ya mitandao ya zamani, iko ya mitandao mipya, na nyingine zinaweza kuwekwa, kama zile za menyu za benki. Ili zisichanganyike, programu hupewa jina ambalo si neno bali ni namba ndefu. Mwanzo wa namba unaonyesha ni akina nani walioiandikisha, na sehemu inayofuata inaonyesha ni programu ya kazi gani. Ndani ya kadi kuna kijifaili cha orodha ya namba hizo. Simu kubwa ikiwashwa inasoma orodha ile, inachagua namba inayoitambua, inaiambia kadi: nataka hii. Kadi ikiwa nayo inaifungua. Ikiwa haina inajibu kwamba haikuonekana, basi. Alinionyesha kwenye kioo. Namba ya programu yako ya mtandao mpya ilianza na herufi A, sifuri nyingi, kisha 87, halafu 1002. Aliandika mwanzo wake tu, zile tarakimu kumi za walioiandikisha, na kadi ikaitika hata kwa jina nusu.

Programu ile ya mtandao mpya ina kitabu chake cha majina. Simu yako kubwa iliichagua kila ulipoiwasha, na humo ndimo ilimoandika watu wako wote. Simu yangu ndogo ni ya zamani. Haijui kusoma orodha wala kuita programu kwa namba yake. Inakwenda moja kwa moja kwenye upande wa zamani wa kadi, inafungua kitabu cha huko, na humo hakuna mtu aliyewahi kuandika kitu. Kadi ni ile ile na namba ya kupigiwa ni ile ile, ndiyo sababu iliita na kuitika. Hukufuta wewe, sikufuta mimi. Shangazi alinihukumu huku simu ambayo ingeonyesha ukweli iko kwenye mkoba wake, begani kwake! Ameisafisha, ndiyo, lakini kadi ingeingia na majina yangetokea. Ukucha wake ndio ulioyaficha.

Nilimwomba Mama Espérance aniandikie kwenye karatasi alichokiona, namba ile na majina, kwa kalamu. Akaandika.

Tukampigia Mjomba pale pale, kwa kadi yako. Sikufikiria, Mama. Nisamehe. Sikufikiria jina gani lingetokea kwenye simu yake.

"Dada! Dada yangu! Umenitupa miezi yote hii, nilisema umekasirika!"

Alikuwa anacheka. Nyuma yake kulikuwa na kuku na mtu anatwanga. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Hakuna aliyeweza. Ikabidi niseme mimi, kwa sauti ambayo watu wote husema inafanana na yako, kwamba hakuwa akiongea na wewe. Akaniomba nirudie, kisha akaniomba nisikate. Janvier alinishika mabega kutoka nyuma mpaka mwisho. Hii ndiyo ninayoshindwa kuwasamehe kabisa. Ng'ombe inalipwa. Lakini kaka yako alikula, akacheka na akacheza kwenye ubatizo wa mtoto wake wakati wewe uko ndani ya udongo, na majina yalikuwa hapo, tulikuwa nayo, ilihitajika simu ya mtu mmoja kwa dakika moja.

Alikuja. Siku nne njiani, pengine kwa pikipiki, pengine kwa miguu kwenye matope, na kwanza alikwenda kaburini. Siku ya ng'ombe alivaa koti lako la mvua, lile la bluu; nilimpa. Ng'ombe wakaingia wanene kweli, familia ya Janvier haikutuaibisha. Wakamwita Mjomba aseme ameridhika. Akasema, "Nasikia mutoto wa dada yangu anaitwaka mwizi. Miye siridhike na ng'ombe. Mbele munisafishie mutoto."

Shangazi Julienne alisimama, akarekebisha kitenge chake. "Hakuna mubaya. Ile karte njo ilitudanganya."

Watu wakapiga makofi! Walitaka kula, naelewa. Lakini Mama, mimi nilikuwa nimekaa pale chini, kitambaa kichwani, macho chini kama bibi arusi anavyopaswa. Nikakivuta kitambaa, nikasimama. Bibi arusi kusema siku ile! Nikasikia mtu anasema "Yesu."

Nikasema, "Karte haikudanganya. Ilijibu kile ilichoulizwa. Miye hamukuniuliza hata."

Nikasoma karatasi ya Mama Espérance, majina yote, moja moja, mbele ya wakwe. Nilipofika kwa "Julienne Maneno Mingi" lupango lote, ua mzima, lililipuka kwa kicheko, Papa akacheka mpaka akakaa chini, na Mjomba akajifuta macho kwa mkono wa koti lako. Shangazi peke yake hakucheka. Kisha akasema, polepole, si kwa watu bali kwangu, "Asifiwe, hukufuta. Nilikusingizia." Papa naye akasimama, akasema, "Na miye niliangalia chini." Hapo ndipo Mjomba akaweka mkono juu ya ng'ombe ya kwanza na kusema ameridhika.

Je, hasira imekwisha? Haijaisha. Nikimwona Shangazi namsalimu, namtilia chai, na ndani bado nachemka. Janvier anasema itapoa. Nimemwambia asiiharakishe.

Lala, Mama yangu mzuri. Mtoto wetu akija, na Janvier anamsubiri tayari kana kwamba tumeahidiwa tarehe, nakuahidi jambo moja: chini ya paa hili hakuna atakayeambiwa amekosa kabla ya kuulizwa. Nitaanza na Shangazi mwenyewe. Jumapili nitakwenda kwake nimuulize ni nini hasa alichokiogopa siku ile alipoichomoa kadi yako. Nitamwacha amalize kusema, Mama, hata kama yatakuwa maneno mengi.

Wako, sasa mke wa mtu,
Asifiwe