Filamu Aliyoonekana Mama

Same,
Jumatano.

Kaka Prosper,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na wifi Faustina na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimeisha kabla baridi ya huko Msangeni haijakaza. Mimi ni mzima wa mwili. Same ni ile ile, jua na vumbi, na cherehani yangu bado iko barazani kwa Hellen, tunashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Nimekupigia zaidi ya mara moja, na kila ukipokea najikuta nauliza habari za mvua. Basi nimeona niandike, nimpe Rogath dereva wa Noah akuletee, maana kwenye karatasi siwezi kusingizia kwamba mtandao unakata.

Umeniuliza nikuchagulie filamu za kuanza nazo kwenye hiyo projekta mpya. Umesema mimi ndiye mtaalamu wa familia, kwa kuwa kila Jumapili baada ya ibada niko kwenye banda la video la Yahaya. Tena umesema siku ya ufunguzi utaonyesha ile filamu ya wale vijana waliokuja kumpiga picha Mama, na kwamba utamkalisha kiti cha mbele katika ukumbi wa usharika, pamoja na mchungaji na wazee wote. Hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike. Lakini nianze na hizo nyingine, kwanza kwa sababu umeuliza, na pili kwa sababu moyo wa kuanza na hiyo bado sina.

Za mapigano zipo tele. Majuzi tumeona ya jamaa mmoja ambaye mke wake aliuawa kabla hatujamaliza hata kutafuta pa kukaa, na tangu hapo hakuna aliyepumzika. Bastola moja, risasi haziishi, na shati halichafuki. Mimi nililala. Ila DJ aliyeitafsiri ni kichekesho, mkubwa wa majambazi amempa jina la Hedaru na msaidizi wake Makanya, kama miji yetu ya hapa njiani, na kila Makanya akipigwa banda zima linaangua kicheko. Wazee wa huko wataipenda, ichukue.

Za mapenzi za Wakorea zinataka subira. Wawili wanapendana tangu mwanzo, bandani kila mtu anajua, hata muuza karanga mlangoni anajua, wao tu ndio hawajui. Mpaka washikane mikono umeshazeeka. Hata hivyo nililia, tena kwa sauti, Hellen akanipa kitambaa cha sare nijifute. Kuna mama mkwe mle anayemmwagia binti wa watu maji usoni. Wifi atakuwa na mengi ya kusema. Hizo mletee yeye nyumbani, ukumbini watu watakukimbia.

Ya kuchekesha chukua ile ya bwana aliyejifanya amekufa ili asikie watu watakavyomsifu matangani, akalala kwenye jeneza siku nzima na hakuna aliyemsifu. Hiyo ni nzuri kuliko zote nilizoona mwaka huu. Na ya watoto chukua katuni ya mbuni anayetaka kuruka. Za dini, zile za mchungaji na mapepo, picha zake ni giza na sauti inakwaruza, lakini najua utadaiwa, basi weka moja.

Zilizobaki ni za kutisha, na hizo ndizo zangu. Najifunika khanga kichwani, nachungulia kwa jicho moja, na nisipoota usiku naona nimeibiwa kiingilio. Za kwetu hapa nchini zinafanana. Lazima kuwe na kikongwe anayekaa peke yake, macho mekundu, anasema maneno yasiyoeleweka, na mwisho nyumba yake inachomwa moto na sisi tunapiga makofi. Nimepiga makofi mara nyingi, kaka. Sikuwahi kujiuliza yale macho yamefanywa mekundu na nini. Mama naye macho yake ni mekundu, na sote tumekulia kwenye moshi wa jiko lake.

Sasa nifike kwenye ya Mama.

Wewe ulikuwepo siku ile wale vijana walipokuja. Walikuambia ni filamu ya utamaduni, ukachinja kuku, na Mama akavaa kitenge chake cha Pasaka, wakamwomba abadilishe avae cha shambani. Wakamwambia aseme chochote kwa Kigweno, maana walitaka lugha ambayo hata Wapare wengine hawaielewi. Na wewe unamjua Mama, hajawahi kumwacha mgeni atoke kwake bila kumwombea. Akafumba macho akawaombea safari.

Kaka, ile sala ndiyo filamu. Wamelipaka jiko rangi nyekundu, wameweka ngoma, na sauti ya Mama wameifanya nzito hadi inatetemesha spika. Bibi harusi anaanguka kanisani, halafu unaonyeshwa Mama amefumba macho. Shemeji mtu anagongwa na gari, unaonyeshwa Mama. Na muda wote huo Mama anamwambia Mungu kwamba hawa ni watoto wa watu, awashike kwenye zile kona za kushuka Mwanga, awafikishe kwa mama zao. Mwisho nyumba inachomwa. Si yetu, ni nyingine, lakini anayelia ndani amevaa kitenge kama cha Mama.

Siku ya kwanza kuiona nilikuwa nimekaa katikati ya Hellen na Nashilu, yule mama wa Kimaasai anayeuza maziwa jirani na baraza letu. Mama alipotokea nilidhani nimekosea. Banda likapiga yowe, kisha wakaanza kucheka jinsi midomo yake inavyocheza. Hapa wanasema Chasu, Kipare cha huku, na Kimaasai; Kigweno hakuna anayekijua, ila Hellen anajua mimi natoka huko. Akanisukuma kwa kiwiko.

"Lea, huyu si wa kwenu? Anasema nini?"

Watu wa benchi la mbele wakageuka. Ilikuwa nafasi ya kusema huyu ni mama yangu na anasali. Maneno yalikuwa mawili matatu tu. Nikaona zile nyuso zinavyosubiri, nikaona nitakavyokuwa mtoto wa yule wa kwenye filamu kuanzia Jumapili ile, na ulimi ukatafuta njia yake.

"Analaani," nikasema. "Anataja ukoo wa bibi harusi mmoja mmoja."

Ningeishia hapo ingekuwa aibu moja. Lakini ilipendwa. Jumapili iliyofuata Yahaya aliirudia, akaniita nikae mbele niwatafsirie watu, na mimi nikaenda. Nikatunga. Mama akisema uwarudishe salama, mimi nasema uwavunje miguu. Watu walinisikiliza kuliko wanavyomsikiliza yule DJ, na sitakudanganya, nilifurahi. Nilirudi chumbani nikiwa nimefurahi. Ndivyo ilivyokuwa.

Kisha Ijumaa iliyopita Mama akashuka kuja kuniona, bila kuniambia. Tulikuwa barazani, cherehani zinakwenda, nikasikia watoto wanakimbia wanapiga kelele kwamba bibi mchawi wa kwenye filamu anakuja. Nikainua macho. Alikuwa anavuka barabara na tenga la parachichi kichwani, amevaa kile kitenge cha Pasaka, anatabasamu upande wangu. Mama hajaiona hiyo filamu, kwa hiyo wale watoto hakujua wanamkimbia yeye. Nadhani alifikiri wanacheza. Wateja wawili wakaingia ndani ya duka. Hellen akasimama na mkasi mkononi, akaniuliza kama namfahamu, na wakati huo Mama alishafika kwenye ngazi, mdomo wazi, jina langu liko ulimini.

"Simfahamu," nikasema.

Sikusema kwa kunong'ona, kaka. Nilisema ili Hellen asikie, na Mama akasikia.

Alisimama. Akaangalia wale watoto, akamwangalia Hellen na mkasi wake, kisha akaniangalia mimi, na nikaona ameelewa yote, au ameelewa ya kutosha. Akatua tenga kwenye ngazi kama anayepumzika. Hellen akampa shikamoo, Nashilu akampa, na mimi nikampa, naye akaitikia marahaba tatu zilizolingana. Halafu akaniuliza mimi, kwa Kiswahili, kwa adabu ile anayowapa watu asiowajua:

"Samahani binti, stendi ni njia ipi?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Aliyenyanyuka ni Nashilu. Alilichukua lile tenga na kumsindikiza, akaacha maziwa yake juani bila mwangalizi. Aliporudi alikuwa nalo. Alisema yule bibi amempa tugawane sisi mafundi, kwa kuwa kazi yetu inaumiza mgongo, na kwamba pale stendi alimwekea mkono kichwani akasema maneno kwa lugha ile ile ya kwenye filamu. Nashilu akanitazama sana, akasema yeye ameombewa na wazee wengi katika lugha yao, na maombi anayatambua hata asipoelewa neno. Parachichi nilipewa fungu langu kama wengine.

Usiku ule ulinitumia ujumbe unanilaumu kwamba nazurura, Mama amesafiri kutwa nzima na hakunikuta. Nilikujibu samahani, nilikwenda kununua vitambaa. Kumbe Mama aliwaambia kwamba hakunikuta. Amepanda mlima na mikono mitupu, akafika, akanitafutia udhuru.

Kwa hiyo, kaka, hiyo filamu usiifungulie ukumbi. Wazee wa huko wote wanajua Kigweno, na wataisikia sala ya Mama ilivyochezewa, naye amekaa mbele. Mwonyeshe yeye kwanza, nyumbani, wewe na yeye tu, kisha aamue mwenyewe kama watu wataiona na yeye atawaambia nini. Hapa Same ni juu yangu. Hellen na Nashilu nimeshawaambia jana. Hellen hajanisemesha tangu jana, na sina la kumlaumu. Jumapili nitasimama bandani kwa Yahaya, niitafsiri sala neno kwa neno, nimtaje aliyeisema ni nani kwangu. Naogopa sana. Lakini kabla ya hayo yote nakuomba ukimaliza kusoma hapa uende jikoni kwake umwambie kwamba unajua alinikuta.

Nisalimie wifi na watoto, na mchungaji, na jirani zetu akina Zebedayo. Mama usimpe salamu zangu. Shikamoo nilishampa pale kwenye ngazi, akaitikia kama anavyomwitikia mtoto wa mtu. Jumamosi napanda huko kumpa nyingine, na akiniuliza mimi ni nani, nitamjibu.

Mdogo wako,
Lea